Kwa Nini Farasi Mwenye Muda Bora Hushindwa?

Msomaji wetu wa Lanet, Nakuru, ameuliza hivi:

"Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina daftari ambamo huandika muda wa kila farasi ninayemwona akimaliza mbio za Ngong, pamoja na vipimo vya kasi vya mbio za Afrika Kusini na Marekani ninavyovipata kwenye simu. Jumapili iliyopita nilimchagua farasi ambaye mwezi Januari alikimbia mita 1,600 kwa dakika 1 na sekunde 38.2, dhidi ya mwenzake ambaye muda wake bora, wa mwezi Novemba, ulikuwa dakika 1 na sekunde 39. Kwenye karatasi wangu alikuwa mbele kwa karibu sekunde nzima, lakini uwanjani alimaliza wa nne na yule mwingine akashinda. Nakumbuka kwamba Januari wangu alikaa nyuma, kwenye ukingo wa ndani, hadi wale wawili wa mbele walipochoka, na kwamba Novemba yule mwingine alizunguka kona upande wa nje baada ya mvua. Hayo sikuyaandika, kwa kuwa niliamini saa haidanganyi. Je, kosa liko katika hesabu zangu au katika vipimo vyenyewe?"

JIBU

Ndugu msomaji, hesabu zako hazina kosa, na vipimo navyo vina kazi yake. Tatizo ni kwamba uliingiza tarakimu daftarini ukaacha nje mambo mawili yaliyoizaa tarakimu hiyo, ilhali ulikuwa unayakumbuka. Kipimo cha kasi ni kumbukumbu ya tukio moja: kinasema kwamba farasi fulani, siku fulani, kwenye ardhi ya hali fulani, akiwa na wapinzani fulani na uzito fulani mgongoni, alimaliza kwa muda fulani. Mtu akikisoma kana kwamba ni sifa ya kudumu ya mnyama yule, kama ilivyo rangi ya manyoya yake, atapotea hata kama kila tarakimu aliyoiandika ni ya kweli.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo daftari lako limevichanganya, yaani muda mtupu wa saa na kipimo cha kasi kilichorekebishwa. Muda mtupu wa Januari, wakati nyasi za Ngong ni kavu, hauwezi kuwekwa kando ya muda wa Novemba baada ya mvua. Ardhi ikilowa, kwato huzama, kila hatua hudai nguvu zaidi, na mbio nzima hurefuka kwa muda ambao unaweza kuzidi kwa mbali zile sekunde 0.8 ulizoziona kati ya farasi wako na mwenzake. Kwa hiyo tangu mwanzo hukuwa na ushahidi kwamba wako alikuwa na kasi zaidi. Huenda yule wa Novemba ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Vipimo vya kasi vilibuniwa kutibu ugonjwa huo hasa. Aliyevieneza kuliko wengine ni Mmarekani Andrew Beyer, mwandishi wa safu ya mbio za farasi katika gazeti la Washington Post, ambaye alivifafanua kwa umma katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 1992 vipimo vyake vimekuwa vikichapishwa katika Daily Racing Form, gazeti linalosomwa na wachezaji wa mbio kote Marekani. Njia yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Kila umbali huwekewa muda wake wa kawaida, kisha mtaalamu huangalia mbio zote za siku moja na kuona zimekwenda taratibu au haraka kiasi gani kuliko alivyotarajia. Ile tofauti inayojitokeza katika mbio zote huhesabiwa kuwa imetokana na ardhi ya siku hiyo, naye huiondoa kabla ya kumpa kila farasi alama yake.

Ila hapo pana fundo ambalo wengi hawalioni. Ili ujue ardhi ilikuwa nzito kiasi gani, ni lazima ujue farasi wale walitarajiwa kukimbia vipi. Na ili ujue wangekimbia vipi, ni lazima uwe umeshaijua ardhi walikokimbilia hapo awali. Mtengenezaji wa vipimo hulikata fundo hilo kwa makadirio, na makadirio yake yanaweza kukosea bila dalili yoyote kuonekana kwenye karatasi. Tuseme siku moja ina mbio sita, na kwa wastani zote zimechelewa kwa sekunde moja. Yeye ataandika kwamba ardhi ilikuwa nzito kwa sekunde moja na kumrudishia kila farasi sekunde hiyo. Lakini ikiwa katika mbio tatu kati ya hizo majoki waliwazuia farasi wao na kutembea nusu ya njia, basi sehemu ya ucheleweshaji ule haikutokana na ardhi kabisa. Tuseme nusu yake. Yule farasi aliyekimbia katika mbio zilizokwenda kwa kasi ya kweli amepewa zawadi ya nusu sekunde asiyostahili.

Nusu sekunde ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika mita 1,600 farasi wa mbio hukata kwa wastani mita 16 hivi kila sekunde, na mwili wake, kuanzia puani hadi mkiani, huhesabiwa kuwa mita 2.4. Nusu sekunde basi ni mita nane, yaani umbali wa zaidi ya farasi watatu waliopangwa mmoja nyuma ya mwingine, katika mchezo ambao mshindi mara nyingi hutangulia kwa shingo au kwa kichwa. Kwenye viwanja vikubwa vya Marekani, ambako mbio ni nyingi na farasi ni maelfu, makosa ya namna hii hupunguzana kwa kuwa mtaalamu ana mifano mingi ya kulinganisha. Ngong hatuna utajiri huo. Mbio za siku ni chache, kila moja inaweza kuwa ya umbali wake, farasi ni walewale wachache, na mvua inaweza kunyesha katikati ya ratiba hata mbio za tano zikakimbiwa kwenye ardhi tofauti na ile ya mbio za pili. Ndiyo sababu mimi, nikiona vipimo viwili vya Ngong vinavyotofautiana kwa chini ya nusu sekunde, huvihesabu kuwa sawa na kutafuta sababu nyingine ya kumchagua mmoja.

Umeandika pia kwamba saa haidanganyi, nami siwezi kuliacha jambo hilo lipite. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda mbio za Preakness huko Baltimore mbele ya umati mkubwa na kamera za televisheni za taifa zima. Saa ya umeme ya uwanja ilionyesha dakika 1 na sekunde 55. Mpima muda rasmi aliyekuwa na saa ya mkononi alipata sekunde 54 na mbili ya tano baada ya dakika, na huo ndio muda uliokubaliwa, ilhali wapimaji wa Daily Racing Form walikuwa na sekunde moja pungufu ya huo. Ubishi uliendelea hadi mwaka 2012, ambapo tume ya mbio za farasi ya jimbo la Maryland ilipitia picha za mbio zile kwa vifaa vya kisasa na kuurekebisha muda rasmi kuwa dakika 1 na sekunde 53. Tofauti ya sekunde mbili kamili iliwezekana katika mbio zilizotazamwa na taifa zima, na marekebisho yalichukua miaka 39. Tena hata saa ikiwa nzima, kuna jambo la mahali inapoanzia. Marekani saa haianzi pale vizimba vya kuanzia mbio vinapofunguka, bali pale farasi wanapofika alama fulani baada ya kukimbia mita kadhaa, na mita hizo hutofautiana kati ya uwanja na uwanja. Muda wa huko usiuweke kando ya muda wa Ngong hata siku moja.

Sasa tuje kwenye mwendo, jambo ambalo kwa maoni yangu linapotosha vipimo kuliko mengine yote, na ambalo ndilo lililokugharimu Jumapili iliyopita. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kwenda kwa farasi ili tulielewe. Fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ilishindwa na Mmarekani Matthew Centrowitz kwa dakika 3 na sekunde 50. Katika mbio hizo alikuwemo Asbel Kiprop wetu, ambaye mwaka uliotangulia, kule Monaco, alikuwa amekimbia umbali uleule kwa dakika 3 na sekunde 26.69, naye hakupata medali yoyote. Anayesoma karatasi peke yake angesema kwamba mshindi wa Olimpiki ni mkimbiaji wa kiwango cha chini, na kwamba Kiprop alipoteza zaidi ya sekunde 23 za uwezo wake katika mwaka mmoja. Mtu aliyetazama mbio zenyewe anajua kwamba hakuna aliyetaka kuongoza, kundi zima lilijivuta katika mizunguko ya mwanzo, na ushindi ukaamuliwa na nani alikuwa mahali pazuri wakati mbio za kweli zilipoanza. Saa ilipima mbinu za siku ile, si mapafu ya wanariadha.

Farasi naye hupitia hayohayo, ila hutokea kwa sura tatu, na kila sura hupotosha kipimo kwa namna yake. Mwendo ukiwa wa pole, farasi wazuri wote hutoka na vipimo duni, na anayewadharau baadaye kwa sababu hiyo atashangaa. Mwendo ukiwa mkali kupita kiasi, walio mbele huzimika katika mita mia mbili za mwisho, na yule aliyekaa nyuma akihifadhi nguvu huwapita na kupata kipimo cha kuvutia ambacho kwa sehemu kubwa amezawadiwa na wenzake. Huyo ndiye farasi wako wa Januari. Wale wawili walioshindana mbele ndio waliomtengenezea zile sekunde 38.2, na Jumapili iliyopita, ikiwa hakukuwa na wawili wa kuchoshana namna hiyo, hakuwa na wa kumfungulia njia.

Sura ya tatu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inafanana kabisa na ubora. Ni ya farasi anayetoka vizimbani, akachukua uongozi bila kusumbuliwa, akakimbia peke yake kwenye ukingo wa ndani kwa mwendo anaoupenda, na kumaliza kwa muda mzuri huku amewaacha wenzake mbali. Kipimo chake huwa cha juu kuliko vyote alivyowahi kupata. Mbio zinazofuata akikutana na farasi mwingine mwepesi wa kutoka, joki wake hulazimika kumsukuma mapema, pumzi inaisha, na yule bingwa wa wiki tatu zilizopita anamaliza wa sita. Kipimo hakikukosea hata kidogo. Kilipima hali ambayo haikujirudia. Kila ninapoona farasi ambaye kipimo chake kimoja kimeruka juu ya vyote vingine, swali langu la kwanza ni kama aliongoza peke yake.

Kuhusu kona, unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Kona ya nusu duara ikikimbiwa mita moja nje ya ukingo, njia hurefuka kwa mita 3.14, na haijalishi kona yenyewe ni pana au nyembamba. Farasi anayezunguka wa tatu kutoka ukingoni yuko nje kwa takriban mita mbili, kwa hiyo anakimbia mita sita na ushei zaidi ya yule wa ndani, umbali wa farasi wawili na nusu, au karibu sekunde 0.4. Farasi wa Novemba alizunguka nje. Ukimrudishia sekunde hizo peke yake, bila hata kugusa suala la mvua, nusu ya ile faida ya wako imekwisha toweka. Uzito sitauzungumzia kwa kirefu, kwa kuwa umechapishwa kwenye ratiba na kila mtu anauona. Itoshe kusema kwamba katika mbio ambazo uzito hutumika kusawazisha nafasi za farasi, anayeshinda kwa kishindo huongezewa kilo safari inayofuata, na kipimo alichokipata akiwa mwepesi hakimfuati.

Kwa farasi wanaoletwa kutoka Afrika Kusini, ambao umesema unafuatilia vipimo vyao, uliza kwanza wamevipata wapi. Greyville ya Durban iko kando ya bahari, na Turffontein ya Johannesburg iko juu ya uwanda ambao mwinuko wake unakaribia ule wa Nairobi. Vipimo vya mahali pawili kama hapo si vya jamii moja, na vya Greyville ndivyo ambavyo nisingeviamini sana kwa farasi anayekuja kukimbia Ngong, mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kabla hajazoea hewa.

Liko jambo jingine ambalo haliondoki hata ukirekebisha ardhi, mwendo, kona na uzito bila kosa lolote. Kila kipimo kina sehemu mbili: uwezo wa farasi na bahati ya siku hiyo. Ukichukua farasi kumi wenye vipimo vitano kila mmoja, una vipimo hamsini mbele yako, na ukichagua kilicho juu kuliko vyote, umechagua kwa wakati mmoja uwezo mkubwa na bahati kubwa. Uwezo atakuja nao tena, bahati hakuahidiwa. Mwingereza Francis Galton alionyesha mwaka 1886, kwa kupima urefu wa wazazi na watoto, kwamba wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto ambao kwa wastani ni warefu lakini si kama wao. Vipimo vya farasi vina tabia hiyohiyo. Kipimo cha juu kabisa katika maisha ya farasi mara nyingi huahidi zaidi ya atakachofanya katika mbio zake zijazo, nawe ulichagua kwa kutumia hicho hasa, maana daftari lako limepangwa kwa "muda bora".

Mfano mkubwa ni farasi wa Kimarekani Arrogate. Mwezi Agosti 2016 alishinda mbio za Travers huko Saratoga kwa umbali wa zaidi ya farasi kumi na watatu, akavunja rekodi ya uwanja na kupewa kipimo cha Beyer cha 122, ambacho ni cha juu mno. Alizidi kushinda hadi Dubai mwezi Machi 2017. Julai mwaka huo akaingia San Diego Handicap huko Del Mar, mbio ndogo kwa hadhi yake, na kwa bei iliyokuwa imeshuka hivi kwamba aliyeweka shilingi ishirini angepata faida ya shilingi moja tu. Alimaliza wa nne, nyuma ya mshindi Accelerate kwa umbali wa farasi kumi na watano na zaidi. Vipimo vyake vyote vya nyuma vilikuwa vya kweli, na hakuna hata kimoja kilichosema lolote kuhusu siku ile.

Bei hiyo ya Arrogate inafungua upande wa pesa, ambao ni lazima niuseme waziwazi kwa sababu umeweka dau. Vipimo vilipokuwa siri ya watu wachache, aliyekuwa navyo alikuwa na faida ya kweli. Tangu vilipoanza kuchapishwa mahali kila mtu anaposoma, yule mwenye kipimo cha juu huwekewa pesa na kila mtu, bei yake hushuka, na hata anaposhinda mara nyingi malipo hayatoshi kufidia zile mara anazoshindwa. Kwenye mfuko wa pamoja wa dau, mwendeshaji hukata sehemu yake kabla ya kulipa washindi, na huko Marekani makato hayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea aina ya dau. Kwa hiyo anayefuata kipimo kinachoonekana na wote hachezi sare; anaanza akiwa nyuma. Nakusihi usiweke pesa ya karo wala ya kodi juu ya tarakimu hizi, hata zikiwa zimerekebishwa na mimi mwenyewe.

Daftari lako usilitupe. Ondoa safu ya "muda bora" na badala yake andika vipimo vitatu vya mwisho kwa mfuatano, ukivipigia mstari vile tu vilivyopatikana kwenye ardhi na umbali unaofanana na wa mbio zijazo. Pembeni ya kila kimoja acha nafasi ya sentensi moja kama zile ulizoniandikia: nani aliongoza, aliongoza peke yake au alisumbuliwa, farasi wako alikuwa wa ngapi walipoingia kona, na alikuwa wa ngapi kutoka ukingoni. Mbio zenye farasi watatu wanaopenda kuongoza zitafutie anayekaa nyuma. Zenye mmoja tu anayependa kuongoza, mfikirie huyo mmoja kwa uzito hata kama vipimo vyake ni vya wastani. Anza na ukurasa wa Jumapili iliyopita kabla kumbukumbu haijafifia, na uanze na yule aliyekushinda, kwa kuwa atakaporudi uwanjani muda wake mpya ndio utakaokuwa juu ya orodha ya kila mtu, na utahitaji kujua aliupataje.